Pesa huvujia kwenye robo na nusu

Simama dakika kumi mbele ya duka la Mangi, saa moja jioni, usikilize maagizo. Mafuta ya mia tano. Sukari robo. Kipande cha sabuni. Majani ya chai ya mia mbili. Mangi anachota mafuta kwa kikopo chenye mpini mrefu, anayamimina kwenye chupa aliyokuja nayo mtoto, anasubiri tone la mwisho lidondoke, anapokea sarafu. Hakuna anayefuja pesa pale. Kila mmoja kabana mpaka mwisho. Na bado, kwa kila lita ya mafuta na kila kilo ya sukari, watu wale ndio wanaolipa bei ya juu kuliko wote mtaani, kumzidi hata aliyepita na gari akabeba dumu la lita 20.

Mijadala yetu ya pesa huwa haianzii hapo. Huanzia kwenye ugomvi wa siku zote: huku wapo wa "ponda mali, kufa kwaja", kule wapo wahubiri wa kubana, wanaokuhesabia soda moja kwa siku mpaka ikawa kiwanja. Mmoja humwita mwenzake bahili, mwenzake humjibu kuwa atakuja kukopa nauli. Kwa maoni yangu wote wanakosea mahali pamoja: wanatazama ukubwa wa matumizi. Kinachomchosha mtu na kumwacha na kinyongo mwisho wa mwezi ni pesa iliyotoka bila yeye kuamua. Ilitoka kwa sababu hakuwa na ya kununulia kipimo kikubwa, au alishindwa kusema hapana, au kitu kilikufa mapema. Ukiziba hapo, ile inayobaki unaweza kuitumia kwa mkono mkunjufu kwenye unachokipenda, na usijilaumu.

Bei nitakazotaja ni za mfano, ili hesabu ionekane. Weka za sokoni kwako.

Chupa ya nusu lita

Tuanze na mafuta ya kula, maana ndiyo yanayoonyesha jambo hili wazi kuliko bidhaa nyingine yoyote. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, ioshe, ikaushe vizuri. Kwa wiki moja kila ukinunua mafuta ya 500 yamimine humo kwanza, chora mstari ubavuni, ndipo uyapeleke jikoni. Hesabu ni vipimo vingapi vinafika nusu lita. Tuseme ni vinane. Basi umelipa 4,000 kwa nusu lita, yaani 8,000 kwa lita. Sasa muulize Mangi huyohuyo dumu la lita 5 anauzaje. Akisema 32,000, lita ni 6,400. Tofauti ni 1,600 kwa lita. Nyumba inayotumia lita tatu kwa mwezi inaacha 4,800 pale dukani kila mwezi, 57,600 kwa mwaka, kwa bidhaa moja tu.

Mangi si mwizi hapo. Anakukatia kidogo, anapoteza yanayobaki kwenye kikopo, anakaa mpaka saa nne usiku, anakukopesha mpaka mshahara utoke. Ile tofauti ni malipo ya mtaji wake kwa sababu wewe huna. Dawa yake basi ni kuujenga mtaji huo mdogo nyumbani, na haujengwi kwa kununua kila kitu jumla siku ya mshahara. Hapo ndipo wengi huanguka: wanamaliza 200,000 kwa siku moja, tarehe 12 wanakosa nauli, wanakopa, na riba inameza faida yote.

Panda ngazi polepole. Mwezi wa kwanza hamisha bidhaa moja tu, isiyooza na yenye tofauti kubwa ya bei. Mafuta au sabuni hufaa. Unaponunua mche mzima wa sabuni, ukate vipande siku hiyohiyo na uvipange wazi mahali penye hewa kwa wiki mbili. Sabuni iliyokauka ni ngumu na huyeyuka taratibu, kipande kinafua zaidi. Ile pesa uliyookoa kwenye bidhaa ya kwanza ndiyo inayosaidia kununua ya pili mwezi unaofuata: sukari, kisha mchele, kisha unga. Miezi sita inatosha kuhama kutoka kwenye kupima bila kukopa hata senti.

Kuna tatizo moja ambalo wahubiri wa jumla hawalisemi. Dumu likiwepo ndani, mkono huwa mrefu. Mpishi aliyekuwa akitumia kikopo kimoja cha Mangi anamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu mpaka chungu king'ae, na lita tatu za mwezi zinakuwa nne na nusu. Faida imeisha, na ini nalo limepata kazi. Kwa hiyo dumu lisikae jikoni. Liweke chumbani, kila Jumapili jaza chupa moja ya mililita 750, hiyo ndiyo ya wiki. Ikiisha Alhamisi, mnasubiri au mnachemsha. Sukari ifanyiwe vivyo hivyo kwa kopo.

Nyanya ni kinyume. Sado nzima, lile kopo kubwa la kupimia sokoni, inapendeza kwa bei ukilinganisha na fungu, lakini familia ya watu watatu isiyo na friji itatupa theluthi. Kwa kitu kinachooza, fungu ndilo kubana kwenyewe.

Gunia, chumvi na mfuko wa tabaka tatu

Mahindi ndipo pesa kubwa ilipo, na ndipo hasara kubwa ilipo pia. Nyanda za Juu Kusini huvuna kati ya Juni na Agosti, bei hushuka, kisha hupanda kuelekea Januari na Februari wakati maghala yamepungua. Debe la mahindi makavu lina takriban kilo 18. Nyumba inayosonga kilo moja ya unga kwa siku, ikisaga dona isiyopoteza pumba, inakula gunia la kilo 100 kwa miezi mitatu na siku kadhaa. Kaya nne zikichanga zikanunua magunia manane kwa pamoja, gharama ya usafiri kwa kila gunia inapungua sana na mnapata sauti ya kuchagua mzigo.

Kabla hujalipa, pima ukavu. Huhitaji mashine. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa yenye mfuniko, jaza mahindi theluthi, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa kwa nguvu dakika mbili au tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kufungiwa. Ikianguka yote chini, yako salama. Chumvi yenyewe lazima iwe kavu, la sivyo itakudanganya. Ianike juani kwanza.

Mahindi mabichi hayaleti harufu mbaya tu. Yanaleta sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na haitoki kwa kupika, haitoki kwa kusaga, wala macho hayaioni kila wakati. Mahindi yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi, yenye ukungu, hata yakiuzwa nusu bei, yaache. Na usiyapeleke kwa kuku ukidhani umeokoa kitu.

Kisha dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka, ambaye wakulima walimpa jina la Skania baada ya kuingia kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Huyu hageuki nyuma: ndani ya miezi michache gunia linabaki vumbi. Njia ninayoiamini ni mifuko ya tabaka tatu, ile inayouzwa kwa jina la Kinga Njaa: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya kiroba kimoja. Wadudu waliofungiwa wanaitumia hewa yote wenyewe kisha wanakufa, hakuna dawa yoyote. Lakini inafanya kazi ikifungwa sawasawa. Jaza mfuko wa ndani kabisa huku ukitikisa ili hewa itoke, acha shingo ndefu, isokote, ikunje, ifunge kwa kamba. Rudia kwa mfuko wa pili, peke yake. Kisha kiroba. Wengi wanafunga shingo zote tatu kwa kamba moja, halafu wanalalamika mfuko ni feki. Kabla ya kujaza pulizia kila plastiki hewa uibane kama puto. Ukisikia inavuja, irudishe. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali panya hapiti, maana tundu moja la jino linatosha kuharibu kila kitu. Na usifungue kila wiki kuchota. Gunia moja lifunguliwe liishe, mengine yabaki yamefungwa.

Sufuria ya maharage

Mtu anayesema maharage ni chakula cha bei nafuu hajahesabu moto. Nusu kilo ya maharage ambayo hayakulowekwa hukaa jikoni saa mbili mpaka tatu. Kama mkaa wa kuivisha ni wa 1,500, basi moto umekaribia bei ya maharage yenyewe.

Loweka usiku, kwa muda wa saa nane mpaka kumi na mbili, maji mara tatu ya maharage. Mwaga maji hayo, weka mapya. Nyanya na ndimu ziwekwe mwishoni, kwa sababu asidi hukaza ganda na maharage yatakaa motoni mpaka ukate tamaa. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, ila yanaua vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya faida za kula maharage. Kama umeloweka vizuri na bado yamegoma, ni maharage ya zamani. Muuzaji huyo mkimbie. Maharage mekundu lazima yatokote kwa nguvu angalau dakika kumi, yana kitu kinachoumiza tumbo kisichokufa kwa moto wa uvuguvugu.

Sasa umeme. Watu wengi bado wanaogopa kupikia umeme kwa sababu ya kumbukumbu ya jiko la koili lililokuwa linakula LUKU. Jiko la presha la umeme ni kitu kingine. Linavuta takriban wati 1,000, lakini likishapanda presha huzima na kuwaka kwa vipindi, na joto halipotei. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa dakika 25 mpaka 30 za presha, chini ya nusu uniti. Kwa bei iliyotumika tangu 2016, mteja wa kawaida, wa daraja la T1, hulipa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na makato. Kwa hiyo sufuria nzima ni chini ya 180. Ukilinganisha na mkaa wa 1,500, umeokoa zaidi ya 1,300. Ukipika maharage, makande au nyama ngumu mara 12 kwa mwezi, jiko la 180,000 linajilipa ndani ya mwaka mmoja, pengine kabla.

Angalizo kwa aliye kwenye D1, daraja la uniti 75 kwa mwezi ambako uniti ni takriban 122 pamoja na kodi. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada inaruka mpaka 350 kabla ya kodi, na ukizidisha mara kwa mara unahamishwa daraja. Kabla ya kununua jiko angalia matumizi yako ya miezi mitatu. Kama uko kwenye 70 tayari, hesabu inabadilika.

Yanayoharibika kwenye jiko hili ni mawili. Mpira wa mfuniko hulegea au hushika harufu. Uvue uoshe kila baada ya kupika, uurudishe ukiwa mkavu. Na tundu la kutolea mvuke huziba kwa ganda la maharage, presha haipandi, mtu anadhani limekufa analipeleka kwa fundi. Usijaze kupita nusu kwa vyakula vinavyofura, na safisha tundu kwa kijiti.

Wa gesi, neno moja: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Wa kilo 6 ukijazwa lazima uwe uzito huo jumlisha 6. Dai upimwe mbele yako.

Mkopo wa kila siku

Nitasema haya kwa kifupi kwa sababu yanaumiza. Mtu anachukua 300,000 ya kausha damu, ile mikopo ya mtaani inayorejeshwa kila siku. Wanakata 15,000 ya fomu na 15,000 ya kile wanachokiita bima, anashika 270,000. Anarejesha 13,000 kila siku kwa siku 30, jumla 390,000. Amelipa 120,000 zaidi ya aliyoishika. Na kwa sababu alianza kurejesha kesho yake, pesa aliyokaa nayo mkononi kwa wastani wa mwezi ule haikufika hata 150,000. Ni kama kukodi pesa kwa bei inayokaribia pesa yenyewe. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni za mikopo zisizopokea amana. Mkopeshaji asiyekupa mkataba unaoonyesha riba kwa mwezi na jumla ya marejesho, usisaini. Hakuna kubana kokote jikoni kunakoweza kuziba tundu la ukubwa huo, kwa hiyo aliye na deni hili aanze nalo kabla ya mambo yote niliyoyaeleza, hata kwa kuuza televisheni.

Kadi ya harusi

Na sasa lile jambo ambalo washauri wa pesa kutoka nje hawalijui na sisi tunalikwepa. Kamati ya harusi, sendofu, kitchen party, sare. Mwaliko wa "double", yaani kadi ya watu wawili, kwa 100,000, kitenge cha sare na fundi 60,000, nauli na zawadi juu yake. Mara sita kwa mwaka, unakaribia milioni moja na nusu, nyingi zikiwa kwa watu ambao hungewapigia simu siku ya kawaida.

Kutoa kunafurahisha, na hilo siyo la mahubiri tu. Utafiti uliochapishwa 2013 uliwalinganisha watu wa Canada na Uganda, nchi mbili zilizotofautiana mno kwa kipato: kote, waliokumbuka pesa waliyoitumia kwa ajili ya mwingine walijisikia furaha zaidi kuliko waliokumbuka waliyojinunulia. Tafiti nyingine zimeonyesha kuwa furaha hiyo hupungua mtu akitoa kwa kushinikizwa. Anayejua kamati zetu hahitaji kueleweshwa tofauti hiyo.

Kwa hiyo mfuko wa michango uwe na kiasi chake, uliopangwa Januari. Tuseme 30,000 kwa mwezi, 360,000 kwa mwaka. Ndugu wa damu wawili kwa 100,000 kila mmoja. Marafiki wa karibu wawili kwa 50,000. Inabaki 60,000 ya wengine, 10,000 mpaka 20,000 kila mmoja, bila kadi na bila sare. Mfuko ukiisha Septemba, umeisha. Kiasi ni cha kila mtu na uwezo wake. Ninachosisitiza ni kwamba kiamuliwe kabla simu haijaita.

Na jibu litoke siku hiyohiyo. Neno linalotugharimu kuliko yote ni "nitaangalia". Mweka hazina anakuandika, anakukumbusha mara nne kwenye kundi mbele ya watu 80, aibu inapanda, na mwisho unaahidi zaidi ya ambayo ungetoa mwanzoni, kwa pesa ya kukopa. Andika hivi: "Hongereni sana dada. Nimepanga kuchangia elfu ishirini, nitaituma Ijumaa. Kadi mpeni mwingine, mimi nipo nanyi kwa dua." Ijumaa itume kweli. Watu husahau kiasi, hawasahau aliyeahidi akapotea.

Msiba sitauwekea hesabu. Rambirambi, kwenda, kukaa na wafiwa, hapo usibane. Tenga pesa ya dharura ya nauli ya kufika kwenu na kurudi, kila wakati, na usiiguse kwa lingine.

Kibubu chenye jina

Magharibi mwa Kenya, watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vikundi vya kuchangiana kisanduku cha chuma chenye kufuli, kwa ajili ya akiba ya afya. Ufunguo walikaa nao wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha kuwa matumizi yao kwenye kinga, mfano vyandarua, yaliongezeka kwa takriban theluthi mbili. Kundi jingine lilipewa kisanduku ambacho ufunguo ulishikwa na mradi, na kwenye kinga hakikusaidia hivyo. Jambo hili linanivutia kwa sababu ni kinyume cha tunavyodhani. Tunaamini mtu anahitaji kufungiwa pesa asiifikie. Kumbe alichohitaji ni pesa kuwa na jina. Ndugu akija kuomba, "hii ni ya chandarua" ni sentensi inayosemeka, na mwenye pesa mwenyewe huisikia anapoisema.

Kibubu cha mbao cha kwetu kina kasoro hapo: kimoja, kizito, hakina jina, na siku ya shida kinachokolewa kwa kisu. Vitatu vidogo ni bora. Kimoja kiandikwe "kodi", kingine "nyumbani", cha tatu "raha". Pesa za simu zinaweza kugawanywa hivyohivyo, kwenye akaunti ndogo za akiba zenye malengo.

Hicho cha raha ndicho kinachokatwa kwanza na wabanaji, na ndiyo sababu wengi wao hawafiki mwezi wa nne. Mtu aliyejinyima siku 90 hupasuka siku moja kwa 150,000 asiyokumbuka ilipokwenda. Weka kiasi kidogo, kitolewe mwanzo wa mwezi pamoja na kodi, na kisiandikwe kilivyotumika. Kama ni sato mzima kwa ndizi kila Jumamosi ya mshahara, mle mpaka mkia.

Matumizi makubwa nayo yana hesabu yake. Gawanya bei kwa siku za kutumia. Godoro la 400,000 likidumu miaka minane ni kama shilingi 137 kwa usiku. La 120,000 lenye sponji nyepesi linabonyea katikati ndani ya mwaka, ni 329 kwa usiku na mgongo unauma. Viatu vya kazini vilivyobandikwa gundi tu, vipeleke kwa fundi vikiwa vipya, soli ipigwe uzi pande zote kabla maji hayajaingia. Elfu chache pale zinaongeza mwaka mzima. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya, familia maskini za nyumba za nyasi zilipopewa pesa taslimu bila masharti, nyingi ziliezeka bati. Wapo waliosema ni anasa, wangenunua mbuzi. Lakini nyasi hubadilishwa tena na tena, inavuja, inakula pesa kila msimu. Uchambuzi mwingine wa mradi huohuo uligundua jambo la kusikitisha: kadiri majirani walivyopata zaidi, waliokosa waliripoti kuridhika kidogo na maisha yao, ingawa wao hawakupungukiwa na kitu. Ni bati la jirani. Siku hizi bati hilo tunalibeba mfukoni, kwenye status, saa 24, na kulizima hakuna gharama yoyote.

Alama pembeni

Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kurasa 40 linatosha. Safu ya kwanza tarehe, ya pili kitu, ya tatu kiasi. Andika usiku kabla ya kulala, siyo mwisho wa wiki, maana kufikia Jumapili zile 500 na 1,000 zimeshapotea kichwani. Kosa la kawaida ni kuandika "matumizi madogo 15,000". Hiyo ni sawa na kutoandika.

Acha safu ya nne wazi. Jumapili ya mwisho wa mwezi, chukua kalamu ya rangi nyingine, pitia kila mstari ukijiuliza swali moja: kesho ningekinunua tena? Ndiyo, weka tiki. Hapana, weka mkato. Fanya miezi mitatu kabla ya kukata kitu chochote.

Watu huanza zoezi hili wakiwa na hakika ya kitakachokatwa. Chai na chapati mbili kwa mama lishe, 1,500 kila asubuhi, kwa kila mshauri ndiyo ya kwanza kufutwa. Kisha wanafungua daftari na kuikuta na tiki siku 22 kati ya 24: pale kuna benchi, kuna mtu anayewajua kwa jina, kuna dakika 20 kabla ya kazi. Mikato wanaikuta kwingine. Bando la siku lililoisha saa sita mchana. Bodaboda kwa safari ya dakika 12 kwa miguu. Sare ya tatu ya mwaka, iliyovaliwa mara moja, imekunjwa kabatini na uzi wa fundi ungali unaning'inia kwenye pindo.